Upepo, Mafunjo na Mawe: Kujenga Kando ya Ziwa, Kutoka Kisumu hadi Thimlich Ohinga

Nyumba iliyo kando ya Ziwa Viktoria hupimwa kwanza na ngozi, kisha sikio na pua; jicho huja mwisho. Hali ya hewa ya Kisumu ndiyo inayoamua hivyo. Mji uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kilomita chache kusini mwa ikweta, kwenye pembe ya mashariki ya Ghuba ya Winam. Joto la mchana hufika nyuzi 29 au 30, la usiku hushuka hadi 17 au 18, na mwezi mmoja hautofautiani sana na mwingine. Kinachobadilika ni saa. Asubuhi hewa imetulia. Jua likishapanda, upepo huanza kutoka ziwani kwenda bara. Alasiri mawingu hujikusanya mashariki, juu ya vilima vya Nandi na Kericho, na mara nyingi mvua ya radi huangusha joto kabla ya magharibi. Usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kuelekea majini. Nyumba iliyojengwa kwa kuzifuata saa hizi hupoa yenyewe. Iliyozipuuza hutafutiwa feni tangu mwezi wa kwanza.

Kutoka Kisumu, barabara ya Bondo huelekea magharibi kupitia Seme, na njia yake ya kando hushuka hadi gati la Luanda Kotieno. Hapo kivuko huvusha magari na abiria hadi Mbita, na kutoka Mbita kuna daraja la kuingia kisiwa cha Rusinga. Kusini zaidi, baada ya Homa Bay, nchi huinuka hadi kaunti ya Migori, zilipo kuta za Thimlich Ohinga. Anayeifuata njia hiyo huona namna nyingi za kuishi na ziwa moja: nyumba za udongo, za mawe, za mabati na za vioo. Bei haitoshi kueleza kwa nini moja inakalika na nyingine haikaliki. Nyumba njema ya ufuoni ni chujio: hupitisha upepo, harufu ya mvua na sauti ya ndege, na huzuia jua la alasiri, maji ya mafuriko na mbu. Kila kituo cha safari hii kina namna yake ya kuchuja.

Ziwa na jua upande mmoja

Kisumu ulianza kama mwisho wa reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ghuba, mahali palipoitwa Port Florence, na kwa miongo mingi ufuo ulio karibu na katikati ya mji ulikuwa wa bandari, maghala na njia za treni. Mitaa ya biashara ilijengwa nyuma yake. Kwenye Mtaa wa Oginga Odinga bado yako maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, yenye upenu mpana unaofunika njia ya wapita njia. Mteja hutembea kivulini saa saba mchana, na mvua ya saa kumi ikimkuta hapo hailoweshi bidhaa wala mnunuzi. Ukuta wa duka, kwa kuwa haupigwi na jua, hubaki baridi hata ukiguswa alasiri.

Milimani, mtaa wa nyumba kubwa za enzi ya ukoloni, ulitegemea miti. Miembe na mijakaranda iliyopandwa kwenye viwanja vipana hutia kivuli paa na kuta, na mvuke unaotoka kwenye majani huipoza hewa kabla haijaingia dirishani. Nyumba zenyewe zina dari za juu, ili hewa ya moto ipande mbali na vichwa vya watu, na veranda pana inayoitenga sebule na jua.

Kuna tatizo ambalo kila mjenzi wa Kisumu hukutana nalo. Karibu na ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, yote mawili yakiwa juu sana. Machi na Septemba huwa utosini. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na upenu mfupi. Zinazoungua ni za mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huwa chini na kupenya hadi ndani. Kwa hiyo nyumba ya ukanda huu hulazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yakiangalia kaskazini na kusini. Lakini Kisumu ziwa liko magharibi na kusini-magharibi. Mandhari, upepo mtamu na jua kali la alasiri vyote hutokea upande mmoja. Ukuta wa vioo unaoelekezwa ziwani huleta machweo mazuri ya nusu saa, na kabla ya hapo sebule isiyokalika tangu saa tisa.

Suluhisho linalofanya kazi ni kuvitenganisha vitu hivyo vitatu. Upepo hupitishwa kwa matofali ya matundu au kwa madirisha membamba yenye mbao za kugeuza, ambayo hayahitaji kuwa makubwa mradi kuna tundu la kutokea upande wa pili wa chumba. Jua huzuiwa na baraza yenye kina cha hatua tatu au nne, au kwa mti uliopandwa mbele yake. Mandhari huachiwa baraza yenyewe: watu hutoka nje kuliangalia ziwa jua likishalegea. Nyumba zinazoinuka kwenye vilima vya Riat, kaskazini mwa uwanja wa ndege, hupata upepo mwingi kuliko za bondeni, na huko faida ya mlima inaweza kupotea yote kwa dirisha moja lisilo na upenu.

Mpangilio wa dala

Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lina dala, yaani boma kamili la Kijaluo, linaloitwa Ber-gi-dala. Ni makao ya mume wa kubuniwa mwenye wake watatu na mwana wa kwanza, yakiwa na nyumba zao, zizi na maghala ya nafaka. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango. Za nyachira na reru, mke wa pili na wa tatu, hukaa ubavuni. Simba, kibanda cha kijana wa kiume, huwa karibu na lango, ambako kijana huyo huweza kuona anayeingia na anayetoka.

Mpangilio huu hufafanuliwa kwa kawaida kama utaratibu wa ukoo na heshima, na ndivyo ulivyo. Lakini pia ni mpangilio wa hisia. Maisha ya mchana hayakuwa ndani ya nyumba. Yalikuwa uwanjani na chini ya agola, baraza inayozunguka nyumba ya msonge chini ya upenu wa nyasi. Chumba cha ndani kilikuwa na giza, baridi na moshi, mahali pa kulala na kuhifadhi. Moshi wa jiko uliikausha nyasi ya paa na kufukuza wadudu walioila. Maji ya kunywa yalikaa ndani ya dapi, mtungi mkubwa wa udongo ambao hutokwa na jasho kidogo kidogo. Jasho hilo likikauka, maji hupoa. Jioni wazee waliota moto kwenye duol, kibanda cha wazee karibu na zizi, na watoto walikusanyika siwindhe, nyumba ya bibi, kusikiliza hadithi. Kila sauti ilikuwa na mahali pake na saa yake.

Vifaa vilitoka karibu. Nguzo nyingi zilikuwa za siala, mti wa maua ya manjano ambao mchwa hawauli kwa urahisi. Kuta zilikuwa fito zilizokandikwa udongo, zikapakwa udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Sakafu ya namna hiyo haina vumbi, haipotezi joto lote usiku wala kuunguza mguu mchana, na hupakwa upya kwa mkono mara kwa mara. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, nao ndio walioijua nyumba kwa viganja. Ua wa mnyaa, unaoitwa ojuok kwa Kijaluo, ulizunguka boma lote. Hukua bila kumwagiliwa, ng'ombe hawauli kwa sababu ya utomvu wake, na hupunguza kasi ya upepo bila kuuzima.

Mabati yaliposhika nafasi ya nyasi, nyumba ilipata paa lisilohitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, lenye kukinga maji ya kutekwa. Ilipoteza vitu viwili. Bati lisilo na dari hutoa joto moja kwa moja kichwani, na mvua ya alasiri ikianza kulipiga, mazungumzo hukoma. Dari ya mbao, ya makuti au ya mkeka hurudisha vyote viwili kwa gharama ndogo, na nafasi iliyo kati ya dari na bati hupitisha hewa ya moto nje.

Dunga: sauti, harufu na maji yanayopanda

Kusini kidogo mwa mji, ufuo wa wavuvi wa Dunga umezungukwa na kinamasi cha mafunjo. Mafunjo hayo, ambayo kwa Kijaluo ni togo, hufika urefu wa mita nne au zaidi, na ndani yake huishi ndege wasioonekana kirahisi mahali pengine, kama tiva wa mafunjo wenye tumbo jekundu. Wageni hupita kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya maji. Ndani ya mafunjo hakuna mandhari ya mbali kabisa. Kuna msuguano wa mashina kwenye upepo, vyura jioni na makelele ya kwarara wakirudi kulala. Ukanda wa mafunjo uliosimama kati ya ziwa na makao hushika tope na taka kabla hazijafika majini, na pia huzuia mwangaza mkali unaoakisiwa na ziwa mchana. Anayeyakata yote ili aone maji huupata mng'ao huo sebuleni, pamoja na harufu ya tope.

Pua ina neno kubwa Dunga. Kuna samaki wa kukaanga, dagaa wa omena walioanikwa, tope, na ardhi kavu inapopokea matone ya kwanza ya mvua. Mchana upepo hutoka ziwani, kwa hiyo kinachoanikwa ufuoni hunukia kwenye nyumba zilizo nyuma yake. Usiku jiko lililo upande wa bara hupeleka moshi kwenye vyumba vya upande wa ziwa. Ndiyo sababu jiko la zamani lilijengwa peke yake, kando ya nyumba. Katika nyumba mpya, jiko huwekwa ubavuni, kaskazini au kusini, na vichaka vya manukato kama mrehani hupandwa mahali upepo wa mchana unapoingilia.

Mafunjo na gugumaji ni vifaa pia. Mikeka ya togo hulaliwa, hufunika kuta na hutandazwa darini. Gugumaji, lililoenea katika maji ya Kenya miaka ya 1990 na kuziba gati na fuo za wavuvi, hukaushwa mashina yake, yakasokotwa na kugeuzwa viti, vikapu na mazulia katika karakana za Kisumu. Kiti cha namna hiyo hupitisha hewa mgongoni, jambo ambalo sofa ya ngozi bandia haiwezi katika joto la ziwani.

Ufuo una sheria moja isiyosamehe: ziwa halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likarudi kwenye kimo hicho cha 1964, likaingia mahotelini, mashambani na majumbani kuizunguka ghuba. Upande wa mashariki, uwanda wa Kano hufurika mto Nyando unapojaa, na udongo wake mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukazipasua kuta zenye msingi mfupi. Mstari wa nyumba huchorwa kwa kufuata alama za maji ya juu ambazo wazee wa ufuo wanazikumbuka, na ardhi iliyo chini ya mstari huo huachiwa bustani, malisho na mafunjo.

Kivuli cha jiwe

Takriban kilomita 30 magharibi mwa Kisumu, huko Seme, miamba ya matale imebebana hadi kimo cha mita 40 hivi. Ndiyo Kit Mikayi. Masimulizi ya mahali hapo husema mzee aliyeitwa Ngeso alilipenda jiwe hilo mno, akawa anashinda humo kutwa nzima, na mkewe akimpelekea chakula. Anayeingia kati ya miamba saa nane mchana huelewa sehemu ya sababu: hewa ya mapangoni ni baridi, mwangaza umepungua, na sauti ya barabara haifiki. Watu huja huko kusali hadi leo.

Jiwe na udongo mnene hufanya kazi kwa kuchelewesha. Joto la mchana hupenya ukuta mzito taratibu na kufika ndani saa kadhaa baadaye. Chumba cha mchana hufaidika na hali hiyo. Chumba cha kulala hupata joto hilo wakati wa kulala, isipokuwa ukuta wake umekingwa na jua. Kwa hiyo mjenzi anayejua kazi yake huweka ukuta wa mawe mahali penye kivuli au upande wa asubuhi, na kwa vyumba vya usiku hutumia ukuta mwembamba wenye matundu ya kupitishia upepo wa nchi kavu. Jiwe lililochongwa kwa mkono huongeza jambo ambalo saruji laini haina: uso wake hubadilika kadiri mwanga unavyosogea, na kidole hukitambua kila kipigo cha tindo.

Mbita na Rusinga: maumbile yanayouma

Kutoka Luanda Kotieno, kivuko hukata mdomo wa ghuba hadi Mbita. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa omena huenea juu ya maji hapa kote. Taa hizo huvuta omena, na taa ya nyumbani huvuta wadudu kwa namna ileile. Visusuli vya mbu wasiouma, ambao Wajaluo huwaita sam, huinuka kutoka ziwani kwa mawingu meusi, hasa siku zinazofuata mwezi mwandamo, na taa nyeupe iliyo juu ya mlango huwaingiza hadi mezani. Taa ya manjano iliyofifia, iliyowekwa mbali na mlango, huwabakiza nje.

Mbu wa malaria ni hatari zaidi, na wanazungumzwa kidogo mno katika maandishi yanayosifu nyumba zilizo wazi kwa maumbile. Wengi wao huingia kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa, uleule unaotoa hewa ya moto. Kuuziba kwa tope hupunguza mbu na kuongeza joto. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulijaribu njia ya kati: dari ya mikeka ya mafunjo ilifungwa chini ya paa, na idadi ya mbu wa Anopheles ndani ya nyumba ikapungua kwa zaidi ya robo tatu. Kitu kilichotoka kinamasini kikawa kinga dhidi ya mdudu wa kinamasini, na hewa ikaendelea kupita.

Kisiwani Rusinga, taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, ambayo ina kituo chake Mbita, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi katika mradi wa SolarMal kuanzia mwaka 2012 hadi 2015. Kila kaya iliyoshiriki ilipewa mtego wa mbu wenye harufu inayofanana na ya mwili wa binadamu, ukiendeshwa kwa umeme wa jua uliowasha pia taa za ndani na kuchaji simu. Mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 70, na maambukizi ya malaria katika nyumba zenye mitego yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Mbu hutafuta watu kwa kunusa. Harufu, ambayo wasanifu huihesabu kuwa pambo la bustani, huko ilitumika kama sehemu ya ujenzi wenyewe.

Kwa nyumba ya kawaida, jibu la kila siku ni wavu: kwenye madirisha, kwenye matofali ya matundu na kwenye uwazi wa paa. Wavu hupunguza kasi ya upepo, kwa hiyo tundu lenye wavu hutengenezwa kubwa kuliko lile ambalo lingetosha bila wavu. Baraza yenye wavu pande zote huwawezesha watu kukaa nje baada ya magharibi, saa ambayo ziwa huwa zuri na mbu huwa wengi.

Thimlich Ohinga

Kuta za Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, zilianza kujengwa pengine karne ya 16 na kukaliwa na jamii mbalimbali zilizopokezana. Shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mawe yamepangwa bila chokaa wala saruji: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo ya kujaza. Kimo ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Malango ni mafupi na membamba, hivyo anayeingia huinama. Kuta zilikuwa ulinzi dhidi ya maadui na wanyama, na mwili wa mgeni hutambua mara moja kwamba umetoka nje na kuingia ndani.

Ndani ya boma kuna mabaki ya misingi ya nyumba na ya mazizi. Makao yalikuwa ya fito, udongo na nyasi, yakiharibika na kujengwa upya. Ukuta ndio uliodumu. Mgawanyo huo una maana kwa anayejenga leo. Fedha nyingi huwekwa katika kile kitakachokaa muda mrefu, yaani mahali, ua, miti na msingi. Sehemu nyepesi hujengwa kwa vifaa vinavyotengenezeka kijijini, ili zibadilishwe familia inapobadilika. Mawe yasiyo na chokaa pia hupitisha maji ya mvua bila kubomoka, na nyufa zake ni makazi ya mijusi na mimea midogo.

Kanuni za nyumba ya leo

Mwaka 1984 mambo mawili yalitokea Marekani yaliyoipa fikra ya kujenga karibu na maumbile nguvu mpya duniani. Mwanabiolojia Edward O. Wilson alichapisha kitabu chake Biophilia, akidai kwamba binadamu huzaliwa na mvuto wa kuvielekea viumbe hai. Roger Ulrich naye alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo: walioona miti dirishani walitoka hospitalini mapema zaidi na kutumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko walioona ukuta wa matofali. Tangu hapo wasanifu wengi wameweka mkazo kwenye dirisha na mandhari. Ufuo wa Winam unaonyesha kwamba dirisha ni sehemu tu ya kazi.

Uamuzi wa kwanza ni mahali: juu ya alama ya maji ya mafuriko, mbali na udongo unaovimba, penye upepo. Wa pili ni mwelekeo: urefu kutoka mashariki hadi magharibi, ukuta wa magharibi ukiwa na matundu machache na kivuli kingi. Wa tatu ni paa: upenu mpana, dari chini ya bati, tundu la kutolea hewa lenye wavu. Wa nne ni baraza, chumba kinachotumika zaidi kuliko vyote katika nchi yenye hewa kama hii. Wa tano ni kugusa: sakafu inayofaa mguu mtupu, ukuta wa udongo au jiwe mahali mkono unapofika, mlango wa mbao badala ya chuma kinachoungua.

Mimea huja pamoja na msingi, si baada ya nyumba kukamilika. Siala na mwembe vikipandwa siku msingi unapochimbwa, vitakuwa vimefika paani watoto wa nyumba wakimaliza shule ya msingi. Mikuyu, yenye mizizi mipana, hukaa mbali na kuta. Maji ya paa huelekezwa kwenye tangi lenye mfuniko, kwani tangi wazi huzaa mbu, na yanayozidi huenda bustanini.

Karibu yote haya hayaongezi gharama kubwa yakiamuliwa mapema. Kugeuza mchoro wa nyumba robo duara ni kazi ya penseli kabla fundi hajapima msingi. Baada ya kuta kusimama, jambo hilohilo hulipiwa kwa feni, mapazia na umeme kwa muda wote nyumba itakapokaliwa.